TAHADHARI: Dawa ya "kurudisha hedhi" inayouzwa hapa Kigoma mjini

Kina mama wa Kigoma, na ninyi wenye mama, shangazi na wakwe waliofika miaka 45 kwenda juu, someni hii. Kuna jamaa anazunguka Mwanga, Gungu na Ujiji akiwauzia unga wa mitishamba wanawake waliokoma hedhi. Anajiita daktari. Jina siandiki kwa sababu hata silijui: kwa wateja ana hili, Facebook ana lile, na ukimtumia hela kwenye simu linatokea la mtu wa tatu kabisa, tena la kike.

Anaingilia kwenye vikoba. Mwanachama mmoja anapewa kamisheni, anamkaribisha siku ya kikao, naye anakuja na kompyuta ndogo yenye waya na kichuma cha kushika mkononi. Kwanza anakuuliza umri, uzito na urefu, anaviingiza. Unashika kichuma kama dakika moja, halafu inatoka karatasi ya rangi rangi: ini lina sumu, kizazi kina uchafu, homoni zimevurugika. Hapo umeshatoa 10,000.

Homoni hupimwa kwenye damu, hazipimwi kwenye kiganja. Na mwanamke aliyepita miaka 45, hedhi ikawa imekata na moto unampanda kifuani hadi usoni, kwa kawaida daktari hahitaji hata hicho kipimo cha damu. Umri na dalili vinatosha. Mashine ya huyu bwana ilichofanya ni kumsomea mtu umri aliotaja mwenyewe.

Mama yangu mdogo anauza mawese sokoni Mwanga. Ana miaka 56, hedhi ilikata miaka mitatu iliyopita, na usiku alikuwa anaamka kanga imelowa jasho chapachapa. Akauziwa kopo la 85,000. Kopo jeupe, kifuniko cha kijani, picha ya mama wa kizungu anacheka, "haina kemikali 100%". Hakuna jina la mmea hata mmoja, hakuna tarehe ya kutengenezwa wala ya kuisha. Nilimpigia huyo muuzaji kumuuliza ndani kuna nini. "Mimea 21 ya msitu wa Kongo, dada, hiyo ni siri ya babu." Kongo hiyo hiyo ambayo siku mawingu yakikata tunaiona milima yake tukiwa ufukweni hapa.

Kopo la kwanza, jasho lilipungua. Hilo nalisema wazi, maana ndilo lililomfanya anunue la pili. Lakini joto la kukoma hedhi lina tabia ya kuja na kutulia lenyewe, na hata dawa isiyo na kitu ndani humpa nafuu mtu anayeiamini. Kopo la pili lilikuwa 120,000, "dozi ya kufungua kizazi". Wiki chache baadaye damu ikaanza kutoka.

Tukamwambia muuzaji. Sikilizeni alichojibu. Ujumbe wa sauti ninao: "Hongera sana mama, kizazi kimefunguka, huo ni uchafu unatoka, endelea na dozi." Mama mdogo akafurahi! Akawasimulia na wenzake sokoni kwamba amerudi usichana.

Mwanamke aliyemaliza mwaka mzima, miezi 12, bila hedhi akitoka damu, hata tone, anatakiwa kwenda hospitali. Mara nyingi chanzo si kikubwa, lakini inaweza kuwa dalili ya saratani ya kizazi au ya mlango wa kizazi, na saratani hizo zikiwahiwa zinatibika vizuri zaidi. Kumwambia mtu wa namna hiyo aendelee na dozi ni kumchelewesha, na kuchelewa huko kunaua. Wizi wa hela ningeweza kuumeza, hili hapana.

Mama mdogo tulimpeleka kwa daktari wa wanawake. Swali la kwanza lilikuwa ametumia nini, la pili kopo liko wapi. Alitueleza kwamba unga wa aina hii mara nyingine huchanganywa dawa za hospitali kimyakimya, na kama ni homoni ya estrojeni peke yake, inanenepesha ukuta wa kizazi kwa mwanamke ambaye bado anacho. Akapigwa utrasaundi, kikachukuliwa kipande cha ukuta wa kizazi kwenda maabara. Majibu bado.

Nimeona watu wanamtetea kwamba ana vyeti. Cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ni cha jina la biashara, hata muuza mitumba anacho. Na hilo neno "imethibitishwa na Mkemia Mkuu" anaandika yeye. Maabara hata ikipima ikakuta unga hauna sumu, haijasema unatibu. Anayetibu kwa mitishamba anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na dawa yake pia. Nilipomwomba namba ya usajili, akanifungia.

Sina ugomvi na mitishamba, bibi yetu ametukuza nayo. Anayetaka soya kwenye uji anywe, ingawa tafiti kuhusu soya na joto hili zinapingana. Uwatu nao unashusha sukari, kwa hiyo mwenye dawa za kisukari aulize kwanza. Hospitali dawa za kupunguza joto zipo, za homoni na zisizo za homoni, ila si kila mtu anafaa kupewa homoni, hasa aliyewahi kupata saratani ya matiti au damu kuganda.

Kama unalo kopo, usilitupe, nenda nalo kwa daktari. Kama umelitumia muda mrefu na uso umevimba, njaa haiishi, presha imepanda, usikate ghafla bila kumwona daktari: hizo zinaweza kuwa dalili za steroidi, moja ya dawa za hospitali zinazochanganywa kimyakimya, na kuziacha ghafla nako kuna hatari. Taarifa pelekeni kwa mganga mkuu wa halmashauri na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Namba ya simu anayotumia tapeli itumeni kwa ujumbe kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Wiki hii nimesikia amehamia upande wa Kasulu. Kifuniko sasa ni cha njano, mama wa kwenye picha ni yule yule.