Haibridi ipi ununue kwa barabara za Unguja na Pemba

Kama safari zako nyingi ni za mjini, foleni ya Darajani asubuhi na ya Mwanakwerekwe jioni, haibridi, yaani gari yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme na betri yake kubwa, itakulipa. Ukisimama, injini inazima. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kuchaji betri. Anayekwenda Nungwi kila siku kwa mwendo mmoja haokoi mafuta mengi hivyo. Huyo Vitz ya kawaida iliyo nzima inamtosha.

Ya kwanza kwangu ni Toyota Aqua, iliyotoka Japani mwishoni mwa 2011. Injini yake ya lita 1.5 ni ya ukoo wa Prius ya zamani, na betri yake ni ya nikeli. Ila iko chini: njia za mawe za shamba zitaikwaruza tumbo.

Ya pili ni Corolla Fielder ya haibridi, ya kuanzia 2013. Mfumo ni wa Aqua, buti ni kubwa. Mwenye familia Wete au Chake, anayepanda na kushuka vilima kila siku, aanze na hii.

Prius ya 2009 na kuendelea, lita 1.8, ni pana na tulivu, lakini njia ya kurudishia moshi kwenye injini huziba kwa masizi na gasketi ya silinda hedi huungua. Iwashe ikiwa baridi kabisa. Ikitetemeka, achana nayo.

Honda Fit ya 2013 naiweka mwisho. Giaboksi yake ya klachi mbili iliifanya irudishwe kiwandani mara kadhaa hukohuko Japani.

Yoyote utakayochagua, mwaka wa gari usikushughulishe kuliko betri. Adui yake ni joto. Kwenye hizi Toyota, tafuta tundu la hewa kando ya kiti cha nyuma, mwambie fundi afungue kifuniko uione feni. Mara nyingi utakuta vumbi, nywele na mchanga wa pwani vimegandana kwenye mapezi yake. Hapo betri inapikika polepole, na gunia la karafuu likiegemezwa kwenye tundu lile ndiyo basi tena. Kisha inama na tochi utazame chesisi na mabomba ya breki, maana hewa yetu ya chumvi hailali.

Mwisho, iendeshe nusu saa kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Kipimo cha betri kikijaa na kuisha ndani ya dakika chache, betri imechoka: muuzaji apunguze bei ya betri nzima, au umwachie gari yake.