Matone ya latanoprosti: huu ni mwezi wa nane tangu nianze kuyatumia

Mimi ni fundi cherehani, Mbuyuni, Moshi. Mpaka leo natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Lakini pasi ya mkaa iliyokaa kushoto kwangu niliigonga mara tatu ndani ya wiki moja, siioni. Kupimwa, presha ya macho, yaani glaukoma. Kabla ya hapo duka moja la miwani lilikwishaniuzia miwani mara mbili bila kunipima presha hata siku moja. Hilo linaniuma sana.

Nikaandikiwa matone ya latanoprosti. Wengi wanasema matone haya hayafanyi kazi, nami nilikaribia kuyaacha. Ukidondosha huoni nafuu yoyote. Upande uliopotea haurudi, maana mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo ukishakufa haufufuki. Kazi ya dawa ni kuyapa maji ya ndani ya jicho njia ya kutoka, presha ishuke, ulichobakiwa nacho kisiende. Nilianza na 29 kulia na 26 kushoto, na kawaida ni 10 hadi 21. Wiki ya sita mashine ikasoma 19 na 18. Ndipo nikaamini.

Kichupa ni kidogo, mililita 2.5. Mwanzoni matone mawili yaliishia shavuni kabla moja halijaingia. Muuguzi akanielekeza: "Mama, inamisha kichwa nyuma, vuta kope ya chini iwe kama kimfuko, tone moja tu, fumba, kisha bonyeza kona ya jicho pale puani dakika mbili." Tangu hapo simwagi. Ni tone moja kila jicho, usiku. Kabla ya kufunguliwa dawa hukaa kwenye friji. Duka moja nilikuta wameipanga dirishani, jua linaipiga, nikaondoka. Ukifungua, andika tarehe kwenye boksi. Mimi natupa baada ya wiki nne.

Macho yalikuwa mekundu wiki za mwanzo. Kope zimerefuka na kukolea weusi, wateja wanadhani nimebandika. Bei ni juu kuliko timololi, matone mengine ya presha ya macho, ila mimi nina pumu, na timololi hubana kifua cha mwenye pumu. Ukiwa na pumu, mwambie daktari kabla hajaandika dawa.

Mama yetu alipofuka kule Kibosho, tukasema ni uzee. Ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo, kwa hiyo wadogo zangu wawili nimewapeleka wakapimwa. Kaka yetu wa Arusha bado. Kila nikimpigia anasema yeye anaona vizuri, gazeti anasoma. Jumamosi napanda basi kumfuata.