TAHADHARI: Kuna tapeli wa klempu kwenye magrupu ya mafundi, Mbeya hadi Iringa

Ndugu mafundi, hasa wenye karakana za mbao na za kuchomelea kuanzia Mbeya, Makambako mpaka Mafinga na Iringa: kuna mtu anauza kupitia WhatsApp klempu za mpini, zile za kubana kazi (ubao au chuma unachotengeneza) kwenye jigi, yaani kishikizo cha kuiweka mahali pake, kwa kusukuma mpini mara moja. Anadai duka lake liko Mwanjelwa. Tumekwenda, hakuna anayemjua. Anataka pesa yote kwanza kwa simu, mzigo unakuja kwa basi, ukishalalamika hapokei tena.

Picha anazotuma ni za mali safi: za mpini wa kusimama, za mpini wa kulala ambazo hazizuii kichwa cha mashine kupita, za kusukuma zenye fimbo inayokwenda mbele moja kwa moja, na za ndoano za kuvutia mfuniko. Sisi tuliagiza za kusukuma na za kulala. Zikaja za kulala tupu, ndogo, zimegongwa 227 kg juu ya bati unalolipinda kwa plaizi. Ukishika mkono wa klempu, ule unaokandamiza kazi, na kuutikisa, unacheza kama jino bovu, maana riveti zimelegea tangu zilikotengenezwa.

Hatari yenyewe iko kwenye kujifunga. Klempu nzima viungo vyake vinavuka kidogo mstari wa katikati, kwa hiyo kazi ikijaribu kuinua mkono ndiyo inazidi kuufunga. Ukisukuma mpini unahisi ugumu unapanda, halafu unavuka na kutulia. Hizi hazivuki. Ukiwasha ruta, mashine ya kuchonga mbao, mtetemo peke yake unafungua mpini. Kijana wetu alikuwa anachonga fremu ya paini, ubao ukachomoka ukampita ubavuni. Hakuumia, tunamshukuru Mungu, lakini nina hasira mpaka leo, kwa sababu huyu muuzaji anacheza na vidole na macho ya watu.

Msidanganywe na ile namba pia. Kilo zinazoandikwa kwenye klempu halali ni mzigo ambao mkono unauhimili ukishafungwa, si nguvu ya kubana. Na kazi ikikaa kuelekea ncha ya mkono, uwezo unapungua. Tulipomuuliza kilo 227 zimepimwa sehemu gani ya mkono, akakwepa swali, akaanza kutupa punguzo.

Usilipe kabla hujaishika. Kama uko mbali, mtume ndugu au fundi mwenzio akaifunge na kuifungua mbele ya muuzaji, kisha adai risiti ya EFD. Aliyekwisha kulizwa atume namba ya huyo mtu kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, aripoti polisi, na klempu zenyewe azipeleke Tume ya Ushindani (FCC), wao ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia.

Namba za simu anabadilisha, picha habadilishi: klempu za mpini mwekundu zimepangwa juu ya turubai la bluu. Ukiiona kwenye grupu lako, mwambie admini amtoe kabla hajalipwa na mtu.