Programu ya "kupima mionzi" kwenye simu: nyota 1, tena ya huruma

Mie fundi simu, banda langu liko Darajani, na siku hizi wateja wa njia ya Fumba wananionesha kitu kile kile. Unaifungua programu, sindano nyekundu inacheza, namba inapanda, king'ora kinalia. Jina silitaji, maana ziko chungu nzima na zote ndugu moja. Wifi yangu kaipeleka chini ya laini kubwa ya umeme nyuma ya nyumba yao, ikamwandikia mikrotesla 34 (mikrotesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) na neno HATARI. Tangu hapo anazungumza kuhama.

Tukaipima pamoja. Chini ya waya, 34. Ufukweni, hapana nguzo wala waya, 33. Jioni umeme ukazimika (Unguja hii, hungojei sana), wifi kasimama palepale chini ya waya uliokufa: 34.

Wifi, hiyo ni ardhi. Dunia yenyewe ni sumaku, na huku kwetu nguvu yake ni mikrotesla 30 na kitu. Simu ina kihisi cha dira, kile kile kinachokutafutia kibla, na programu inasoma hicho. Umeme wa waya unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Programu inaandika wastani, na wastani wa kwenda na kurudi ni kama sufuri. Lakini iweke karibu na spika ya redio uone namba zinavyoruka hadi mamia! Bibi kalala na redio yake kichwani miaka yote, hakuna aliyemwambia ahame.

Wasiwasi wenyewe haukuzuka hivi hivi. Mwaka 2002 IARC, taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani, iliuweka usumaku wa umeme kundi la 2B, yaani "huenda" unasababisha saratani, kwa kuwa tafiti ziliona saratani ya damu ya watoto imezidi kidogo kwenye nyumba zenye wastani wa zaidi ya mikrotesla 0.3 au 0.4. WHO ilipoyapitia tena mwaka 2007 ikasema ushahidi huo hautoshi kusema umeme ndio chanzo. Kikomo cha kimataifa kwa raia, kwa umeme kama wetu, ni mikrotesla 200. Nguvu hiyo hupungua upesi ukisogea mbali. Mashine ya kukaushia nywele ikiwa karibu na sikio inaweza kuishinda laini iliyo juu ya paa.

Cha kuogopa pale ni waya ulioanguka, na vijana wanaosimamisha bomba la antena bila kutazama juu. Kwa hayo programu haina king'ora. Ina tangazo: ikishakutisha, inakuuzia toleo la kulipia la "kusafisha mionzi" ndani ya nyumba. Yakhe, usilipe.

Ile nyota 1 ni ya kutafuta nondo ukutani kabla ya kutoboa. Hapo inafaa, wifi kashapachika fimbo ya pazia.