H.264 au H.265 (njia mbili za kubana video) kwa video ya harusi?
Tuseme harusi ya saa moja, 1080p, fremu 25 kwa sekunde. Kwa H.264 weka megabiti 10 kwa sekunde: faili litafika GB 4.5, na flashi ya FAT32 (mfumo wa zamani wa kupanga faili) italikataa, maana haipokei faili la kufika GB 4. Likate vipande viwili.

H.265 kwa megabiti 6 hutoa GB 2.7, picha karibu ileile. Tatizo ni runinga za zamani: sauti inasikika, picha hakuna.

Ngoma ya Kigogo, vumbi la Dodoma likitimka, hufanya picha ivunjike vijisanduku. Panda hadi megabiti 14 kwa H.264, au 9 kwa H.265. Mteja yuko Kongwa na runinga yake huijui? Mpe H.264.