Walinitibu umio vizuri, maelezo ndiyo waliyaonea choyo

Kiungulia nilikizoea kwa miaka, nikikinyamazisha kwa vidonge vya kutafuna. Nilipopitishiwa kamera ndipo nikaambiwa utando wa ndani wa sehemu ya chini ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, umegeuka, hali iitwayo Barrett, na kuna mahali pameinuka kidogo, chembe zake zimeanza kuharibika. Nikajua napasuliwa kifua. Daktari akacheka: "Tunapita mdomoni, mzee wangu, na jioni unalala kwako."

Kazi yenyewe sina la kuwalaumu. Nilichomwa sindano ya usingizi, nikazinduka yamekwisha. Walidunga maji chini ya kile kijiuvimbe kikainuka kama lengelenge, wakakinasa kwa kitanzi cha waya na kukikata kwa umeme. Kwa nini wasikiunguze tu? Kwa sababu kilichoungua hakipimiki. Kipande kizima kilikwenda maabara, na majibu yakatoka: saratani changa, haijavuka utando wa ndani, na kingo za kipande hazina saratani. Baada ya miezi 3 wakauchoma utando wa Barrett uliobaki kwa joto la mawimbi ya redio, ambalo kina chake hakifiki hata milimita 1.

Katika nyota ninazowapa, moja naikata, na naikata kwa makusudi. Karatasi niliyopewa ilisema "maumivu kidogo". Kidogo cha nani? Siku nne baada ya kuchomwa, hata mate nilikuwa nayameza kwa mahesabu. Nilipopiga simu nikajibiwa, "Hiyo kawaida, mzee." Sasa kama ni kawaida, mbona hamkuniambia nikiwa kitandani? Kwamba nikitapika damu, nikipata choo cheusi, homa au maumivu ya kifua yanayozidi nikimbie hospitali, nilielezwa na mgonjwa mwenzangu tukingoja foleni!

Baadaye chakula kikaanza kukwama. Kovu lilikuwa limebana umio, wakaupanua kwa puto, mara mbili. Hapo tena ndipo nikasikia kwamba hilo hutokea.

Dawa ya kupunguza asidi bado nameza asubuhi na jioni, na sijaruhusiwa kuiacha. Kamera ya mwisho haikuona Barrett, vinyama walivyochukua ni safi, ila nitaendelea kuchunguzwa kwa miaka. Ningewarudia? Ndiyo, na mkono ule ule ulioshika kamera. Ila safari ijayo naingia na maswali yangu yameandikwa, na siondoki mlangoni mpaka yote yajibiwe.