Mbege ya Moshi: yanayoandikwa magazetini na yaliyomo kwenye kata ya kunywea

Habari nyingi za mbege wanazosoma wageni wa Mlima Kilimanjaro huishia hapa: pombe ya Wachagga ya ndizi na ulezi. Ni kweli, ila ukiingia nayo kilabuni Marangu au Kibosho haikusaidii kujua unywe ipi na uache ipi.

Kosa la kwanza ni kuandika kana kwamba ndizi na ulezi hupikwa chungu kimoja. Ndizi mbivu humenywa na kuchemshwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi ya damu ya mzee, zikapozwa, zikafunikwa pipani siku tatu, nne au zaidi. Huko juu kwenye baridi huchelewa kuliko mjini. Uchungu hutokana na magome ya mti wa msesewe, ambayo hapa hufanya kazi ya hopsi, maua yanayotia bia uchungu. Ulezi una njia yake: hulowekwa, huoteshwa, huanikwa, husagwa, kisha hupikwa uji. Uji huo ukishapoa ndipo huchanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa, na kesho yake mbege inanyweka. Uji ukimiminwa ungali moto huua chachu. Pombe hulala bila kuchacha, ikabaki tamu na nzito tumboni. Msesewe ukizidi, uchungu hung'ang'ania kooni, na sukari ya kuuficha hujulikana kwa funda la kwanza.

Halafu kuna asilimia ya kilevi. Safari Lager ina namba yake kwenye lebo na chupa zote ni sawa. Mbege haina namba ya namna hiyo kwa sababu inaendelea kuchacha hata ikiwa mkononi mwa mnywaji: mchana ni tamu, jioni imekolea, siku inayofuata bakteria wameanza kuigeuza siki. Takwimu isiyosema mbege ilipimwa saa ngapi baada ya kutiwa uji haina maana.

Linalotuudhi zaidi ni habari za misako zinazotia mbege na gongo kapu moja chini ya jina la "pombe za kienyeji". Gongo hukenekwa: pombe iliyochacha huchemshwa, mvuke wake ukapozwa ukawa kinywaji kikali, na sheria inaikataza. Mbege haipiti kwenye mvuke hata mara moja. Kichwa cha habari kinachochanganya hivyo viwili kinamharibia biashara mama mwenye leseni yake ukutani. Mwandishi angeuliza swali moja tu, kama kilichokamatwa kilikenekwa au hapana.

Mbege yenyewe, ikipikwa vizuri, inastahili sifa: uchachu mwepesi, harufu ya ndizi, uchungu unaokuja mwishoni na kuondoka. Uliza uji ulitiwa lini. Jibu likiwa "juzi", iache. Povu liwe dogo na hai, na harufu ya siki isitangulie ile ya ndizi. Kisha omba ikorogwe kabla ya kuchotwa, maana ulezi hutuama chini na anayehudumiwa kwanza huambulia maji ya ndizi matupu.